Fundi wa ndani, kiwanda au kampuni huru: nani ahudumie vifaa tiba vya umeme?

Pampu ya dripu imekataa kuwaka. Muuguzi ameibandika karatasi ya "mbovu" na kuisogeza pembeni, na kwenye kikao cha asubuhi linazuka swali la siku zote: aitwe fundi wetu, kipigiwe simu kiwanda kilichoitengeneza, au ije kampuni ya nje inayohudumia mashine za kila aina? Kila njia ina mtetezi wake. Mhasibu anaangalia ankara, daktari anamfikiria mgonjwa anayesubiri, na fundi anaona uwezo wake unatiliwa shaka.

Kazi hii nimeifanya nikiwa mwajiriwa wa hospitali, na nimeifanya nikiwa fundi wa mkataba anayefika na begi lake asubuhi na kuondoka jioni. Njia zote tatu nimeziona zikiokoa vifaa, na zote tatu nimeziona zikirudisha wodini kifaa ambacho hakikupaswa kurudi. Kwa hiyo sitakuchagulia. Nitaweka vipimo, nipitishe kila njia kwenye vipimo hivyo hivyo, kisha tuangalie hali yako ikoje.

Tukielewana kwanza juu ya majina: fundi wa ndani ni fundi sanifu au mhandisi wa vifaa tiba aliyeajiriwa na kituo. Kiwanda ni kampuni iliyokitengeneza kifaa, au wakala wake aliyeidhinishwa. Kampuni huru ni mafundi wa nje wasiofungamana na kiwanda chochote.

## Vipimo vitakavyotumika

Vipimo ni sita: usalama wa mtu anayekifungua kifaa, usalama wa mgonjwa baada ya kifaa kufungwa, ujuzi na nyaraka, vipuri, muda ambao wodi itakaa bila kifaa, na gharama pamoja na kumbukumbu. Havina uzito sawa. Viwili vya kwanza ndivyo vinavyobeba uhai wa mtu, na nitakaa navyo zaidi.

Sababu ni hii. Redio ikivujisha umeme kidogo, anayeishika atasisimka na kuondoa mkono. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hawezi kuuondoa. Ngozi ambayo kwa kawaida inamkinga imepakwa jeli au imetobolewa sindano, na pengine kuna katheta, yaani mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, iliyofika hadi moyoni. Mtu mwenye afya huanza kuuhisi umeme wa ukutani kwenye vidole ukifika kama miliampia 1. Kwa sehemu za kifaa zinazoruhusiwa kugusa moyo moja kwa moja, zile za daraja la CF, kiwango cha kimataifa IEC 60601-1 kinaruhusu mkondo unaovuja kwenda kwa mgonjwa usiozidi mikroampia 10 kifaa kikiwa kizima, na 50 kikiwa na hitilafu moja. Mikroampia 10 ni sehemu moja ya mia ya ule mkondo ambao kidole chako kingeanza kuuhisi. Maana yake ni kwamba kifaa kinaweza kuwa hatari kwa mgonjwa huku fundi, muuguzi na daktari wanakigusa bila kuhisi lolote. Kwa mkono huwezi kujua. Lazima kipimwe.

## Usalama wa anayekifungua

Hatari zenyewe hazibadiliki kwa kuwa fundi amebadilika. Mashine ya kushtua moyo hujaza kapasita yake, kile kipande kinachohifadhi chaji ya umeme, kwa maelfu ya volti, na chaji hiyo inaweza kubaki baada ya waya kuchomolewa. Jenereta ya eksirei hufika hadi kilovolti 150. Sumaku ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, haizimiki kwa kuzima swichi ya chumba. Inavuta bisibisi saa nane za usiku kama inavyoivuta mchana. Kwenye njia za oksijeni, tone la mafuta au grisi kwenye kiungo linaweza kuwasha moto. Tena kuna hatari ambayo watu wa umeme huisahau: damu na majimaji ya mwili. Kifaa kisichosafishwa na kuuliwa vijidudu hakipaswi kufika kwenye meza ya fundi, awe fundi wa nani.

Utaratibu salama unajulikana. Chomoa waya, toa betri, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha matengenezo, ondoa chaji ya kapasita kwa kifaa maalumu chenye rezista, kisha pima kuhakikisha hakuna volti. Kipimo chako ukijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, upime kifaa, halafu urudi kukijaribu tena pale pale. Mita iliyokufa katikati ya kazi itasoma sifuri, na sifuri hiyo inaua. Vua pete na saa. Usifanye kazi ya volti kubwa peke yako.

Fundi wa ndani anaijua historia ya kila mashine: hii iliwahi kumwagikiwa maji, ile ina swichi inayong'ang'ana. Ujuzi huo unamkinga. Kinachomweka hatarini ni haraka. Wodi iko hatua chache kutoka karakana, watu wanakuja kuchungulia mlangoni, na mara nyingi yuko peke yake. Nimewaona mafundi wazuri wakiruka hatua ya kusubiri kapasita ishuke kwa sababu tu kuna mtu amesimama nyuma yao.

Fundi wa kiwanda amefunzwa kwa modeli ile ile, na anakuja na zana zake. Asichokijua ni jengo lako. Hajui kwamba soketi ya chumba namba fulani haina ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), wala hajui kama mashine aliyokabidhiwa imesafishwa au imetoka moja kwa moja kitandani. Anayempokea ndiye wa kumwambia, na kwenye vituo vingi hakuna aliyepewa jukumu hilo.

Kampuni huru ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya moja na nyingine. Kuna zenye mafundi waliotokea viwandani, wenye zana kamili na utaratibu wa maandishi. Kuna nyingine ambayo fundi wake jana alikuwa anatengeneza jokofu. Usimbagaze kabla ya kumuuliza: omba akuonyeshe utaratibu wake wa maandishi wa kuondoa chaji na kukata umeme. Anayeufuata hatachukia kuulizwa.

## Usalama wa mgonjwa baada ya kifaa kufungwa

Desemba 1990, katika hospitali moja ya Zaragoza, Hispania, mashine ya tiba ya mionzi iliharibika. Fundi wa kampuni yenye mkataba wa matengenezo aliitengeneza, na matibabu yakaendelea bila wanafizikia wa hospitali kupewa nafasi ya kuipima kwanza. Sindano ya mita ilionyesha MeV 36 (kipimo cha nishati ya mionzi) kila mara, hata daktari alipochagua nishati ndogo. Ikadhaniwa kuwa sindano imekwama. Haikuwa imekwama, ilikuwa inasema kweli. Wagonjwa 27 walipata mionzi iliyopita kiasi kabla ya mashine kusimamishwa, na zaidi ya 10 walifariki.

Ninaileta habari hii kwa sababu aliyeifungua mashine hakuwa kanjanja. Alikuwa fundi mwenye mkataba rasmi. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kuipima kabla mgonjwa hajalala chini yake. Huo ndio msimamo wangu katika ulinganisho wote huu: swali la nani atashika bisibisi ni la pili. La kwanza ni nani atapima baada yake, kwa kipimo gani, na atatia sahihi wapi.

Kwa vifaa vilivyoko kazini kuna kiwango kilichoandikwa mahususi kwa ajili ya ukaguzi wa mara kwa mara na vipimo vya baada ya matengenezo, IEC 62353. Kwa kifupi, kwanza kifaa kinaangaliwa kwa macho: waya, plagi, nyufa, fyuzi. Kisha hupimwa ukinzani wa waya wa ethi, ukinzani wa kihami na mkondo unaovuja. Mwisho hupimwa kazi yenyewe, na hapo ndipo wengi wanapokata kona. Mashine ya kushtua moyo hupimwa kwa kuachia chaji kwenye mzigo wa omu 50 na kusoma ni jouli ngapi zilizotoka, siyo kwa kuangalia kama taa ya "tayari" imewaka. Pampu ya dripu hupimwa mililita inazotoa kwa saa, na kama inapiga kengele mpira ukibanwa. Mashine ya kuzalisha oksijeni hupimwa asilimia ya oksijeni inayotoka. Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya asilimia 82. Upepo kutoka kwenye bomba si ushahidi wa oksijeni.

Kengele zinastahili aya yao. Niliwahi kupokea pampu iliyobadilishwa betri. Iliwaka, ilisukuma maji sawasawa, skrini ilikuwa safi. Nilipobana mpira, maandishi ya onyo yalitokea bila sauti. Waya wa spika haukuwa umerudishwa mahali pake wakati wa kufunga. Aliyeifunga alikuwa fundi mwenye uzoefu, na kazi aliyotumwa, betri, aliifanya vizuri. Kama pampu ile ingerudi wodini usiku, muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi asingejua kwamba dawa imesimama.

Sasa tulinganishe. Fundi wa ndani ana nafasi nzuri ya kupima kwa sababu yupo kesho na kesho kutwa, na kifaa kikileta shida atarudishiwa yeye. Udhaifu wake ni zana: karakana nyingi hazina kipimo cha mkondo unaovuja wala cha jouli, na zilizo navyo huenda havijasawazishwa kwa miaka. Tena mara nyingi yeye ndiye atengenezaye na yeye ndiye apimaye, na jicho moja huona kile linachotarajia kukiona.

Fundi wa kiwanda anapima kwa orodha ya modeli ile ile, ambayo ina vipimo ambavyo mtu wa nje hawezi hata kuvifikiria. Orodha ikikamilika anakuachia cheti. Udhaifu wake ni kwamba wengi wetu tunakipokea cheti kama hatima ya mambo. Zaragoza inatufundisha kwamba cheti cha aliyetengeneza hakiondoi wajibu wa anayetumia.

Kampuni huru ikiwa nzuri huja na vipimo vilivyosawazishwa na hutoa namba zilizosomwa, siyo neno "imepita" tu. Ukiona ripoti isiyo na namba hata moja, kipimo huenda hakikufanyika. Hilo ni kweli kwa wote watatu, lakini kwa kampuni unayoijua kwa mara ya kwanza ndilo jambo la kuangalia kabla ya mengine.

## Ujuzi, nyaraka na funguo za programu

Kiwanda kina kitu ambacho wengine hawana: kitabu kamili cha matengenezo, michoro ya saketi, taarifa za kasoro zilizogunduliwa baada ya mauzo, na nywila za kuingia kwenye hali ya fundi ndani ya programu. Kwa mashine za kisasa nywila hizo ndizo mlango. Unaweza kubadilisha kipuri kwa usahihi kabisa na mashine ikakataa kukitambua mpaka programu ya kiwanda ikithibitishe. Mimi naona kuwanyima wenye mashine vitabu vya matengenezo ni kuwaongezea wagonjwa hatari, maana kifaa kitafunguliwa tu, na kitafunguliwa na mtu anayekisia.

Hata hivyo, usidhani kila ubovu unahitaji siri za kiwanda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulipitia maombi ya matengenezo zaidi ya 2,800 kutoka hospitali 60 zenye uhaba wa rasilimali katika nchi 11. Ulikuta kwamba asilimia 72 ya vifaa vilivyokuwa vimesimama viliweza kurudi kazini bila kuagiza kipuri kutoka nje ya nchi. Kazi kubwa ilikuwa ya umeme na mitambo ya kawaida, mfumo wa pawa, mabomba, mota, na mtumiaji kuelekezwa namna ya kutumia. Hapo fundi wa ndani mwenye mafunzo ya kawaida anatosha, na anafika kabla ya wote.

Kuhusu kampuni huru, mjadala umekuwa mkali. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa ripoti juu ya ubora na usalama wa huduma zao. Ilisema ushahidi uliopo hautoshi kuamua kama kuna au hakuna tatizo la afya ya jamii lililoenea kutokana na matengenezo, yakiwemo ya mafundi wasio wa kiwanda, na kwamba viwanda na mafundi huru wengi hutoa huduma bora na salama. Ripoti hiyo hiyo iligusia mpaka ambao kila fundi anapaswa kuujua: kutengeneza ni kukirudisha kifaa kwenye hali aliyokusudia mtengenezaji wake. Ukibadilisha namna kinavyofanya kazi au kiwango chake cha usalama, umeunda kifaa kipya ambacho hakuna aliyekithibitisha. Anayeweka betri ya kemia nyingine kwenye pampu, pamoja na chaja iliyoundwa kwa betri ya zamani, ameuvuka mpaka huo hata kama pampu inawaka.

## Vipuri

Kiwanda huleta kipuri halisi, na ukishaisha muda wa kuitunza modeli hiyo hukuambia hakipo tena. Hapo ndipo kinapokuacha. Kampuni huru inaweza kuwa na vipuri halisi, vipuri mbadala, au vilivyotolewa kwenye mashine nyingine. Mwambie aandike ni kipi kati ya hivyo. Fundi wa ndani, kama stoo haina kitu, hujikuta anang'oa kutoka mashine iliyolala. Si kosa lenyewe, mradi modeli ni ile ile, kipuri kimepimwa, na mashine iliyong'olewa imeandikwa wazi kwamba si nzima. Kosa ni ile iliyong'olewa kurudi wodini baada ya mwaka kwa sababu hakuna aliyeandika.

Vipuri vidogo ndivyo vinavyodanganya. Fyuzi ina ampia zake, na pia ina aina yake, ya kukatika haraka au ya kuchelewa. Kapasita zinazounganisha njia ya umeme na ethi kwenye kichujio cha pawa huchangia moja kwa moja mkondo unaovuja. Ukiweka ya kawaida yenye thamani kubwa zaidi, kifaa kitawaka vizuri na kuvuja kuliko ukomo. Waya wa pawa wa pini mbili ukiwekwa mahali pa wa pini tatu, ethi yote imepotea. Sijali nani ameuweka.

## Muda wa kukaa bila kifaa

Hapa fundi wa ndani anaongoza kwa ubovu wa kawaida. Dakika kadhaa yuko wodini. Kiwanda hutegemea umbali wa wakala wake na maneno ya mkataba. Soma vizuri kama saa zilizoahidiwa ni za kupokea simu, za fundi kufika, au za mashine kurudi kazini, maana ni ahadi tatu tofauti. Kampuni huru kwa kawaida huwa katikati. Kwa njia yoyote, kifaa cha akiba kilichopimwa huondoa ile haraka inayozaa makosa.

## Gharama na kumbukumbu

Mkataba wa kiwanda ndio unaoonekana ghali kwenye karatasi. Mkataba kamili unabeba kazi na vipuri. Mwingine unabeba kazi tu. Mwingine ni wa kuitwa na kulipwa kwa kila safari. Soma kilichoachwa nje: tyubu ya eksirei, vichwa vya ultrasaundi na betri mara nyingi haviko ndani. Kampuni huru mara nyingi huhudumia vifaa vya viwanda vingi kwa mkataba mmoja, jambo linalopunguza usumbufu wa kufuatilia mikataba kumi.

Fundi wa ndani huonekana rahisi kwa sababu mshahara wake umeshazoeleka, lakini gharama yake kamili ni pamoja na mafunzo, vipimo, kusawazisha vipimo hivyo kwa wakati, na stoo ya vipuri. Kituo kinachomlipa mshahara na kumnyima vipimo kinalipa nusu ya huduma na kupata chini ya nusu.

Kumbukumbu ni mali ya kituo. Fundi wa ndani akihama na daftari lake, historia imehama. Kiwanda na kampuni huru huweka ripoti kwenye mifumo yao, na mkataba ukivunjika huenda usizione. Andika kwenye mkataba kwamba kila ripoti, yenye namba ya kifaa, kazi iliyofanyika, kipuri kilichotumika, namba zilizopimwa na jina la aliyepima, inabaki kwako. Na kifaa kinachotoka nje ya jengo kikiwa na taarifa za wagonjwa ndani yake, taarifa hizo zihifadhiwe na kufutwa kwanza, au mkataba utamke zitakavyolindwa.

## Kwa hali yako

Kituo kidogo chenye vifaa vichache rahisi, kama mashine moja ya kuzalisha oksijeni, mita za presha na kipima oksijeni cha kidoleni, hakihitaji fundi wa kudumu. Kampuni huru ya kuja kwa ratiba inafaa, pamoja na muuguzi mmoja aliyefunzwa usafi wa vichujio, ukaguzi wa nyaya na kujua wakati wa kukitoa kifaa kazini.

Hospitali yenye pampu, monita na vitanda vya umeme kwa makumi itafaidika na mafundi wa ndani, kwa sababu ubovu wake mwingi ni mdogo na wa kila siku. Waongezee kipimo cha usalama wa umeme na kipimo cha pampu, na ugawe kazi ili anayetengeneza asiwe ndiye anayetia sahihi ya mwisho. Kama fundi ni mmoja tu, sahihi ya pili ya kazi ya kifaa inaweza kuwa ya muuguzi kiongozi aliyeelekezwa namna ya kujaribu kengele.

CT (mashine ya picha za mwili kwa eksirei), MRI na mashine za tiba ya mionzi: kiwanda, au kampuni huru yenye mafundi waliofunzwa kwa modeli hiyo na inayoweza kulithibitisha hilo. Fundi wa ndani hapa ni wa mstari wa kwanza, wa kutambua hitilafu na kumpokea mgeni. Mwanafizikia wa tiba apime kabla ya mgonjwa wa kwanza, kila mara, hata kama kazi ilikuwa ya dakika kumi.

Kifaa kiko ndani ya dhamana? Kiwanda. Usikifungue, maana kukifungua kunaweza kuivunja dhamana.

Mashine ambayo kiwanda kimeshaiacha ndiyo mahali kampuni huru nzuri na fundi wa ndani mwenye subira wanapofaa kuliko kiwanda. Ila weka mapema sharti la kuistaafisha: siku itakaposhindwa kipimo cha usalama na kipuri sahihi hakipatikani, inatoka. Sharti likiandikwa kabla, siku yenyewe hakutakuwa na mabishano.

Kwa vifaa vya msaada vilivyofika bila vitabu, kazi ya kwanza ni ya fundi wa ndani, nayo ni kutochomeka. Soma bamba la nyuma: ni la volti 110 au 230? Hertzi 50 au 60? Kisha andikia kiwanda kuomba kitabu. Ukikosa kitabu, na kifaa ni cha kumpumulisha mtu au kumwingizia dawa, kiache stoo.

Kituo kilicho mbali na kila wakala kiwekeze kwa mtu wake wa ndani kuliko pengine popote: mafunzo ya vitendo, stoo ya vipuri vinavyokufa mara kwa mara, na makubaliano na kiwanda au kampuni ya kumwelekeza kwa simu akikwama. Kazi ya volti kubwa isifanywe kwa maelekezo ya simu.

Anayemuuguza mtu nyumbani kwa mashine ya oksijeni au ya kusaidia kupumua afanye yale tu yaliyoandikwa kwenye kitabu cha mtumiaji: kuosha kichujio, kufuta vumbi, kubadilisha mipira, kuangalia waya. Skrubu za kasha si zake. Na ajue mapema mgonjwa atatumia nini mashine ikizima usiku.

Iko hali moja ambapo hakuna kati ya hao watatu anayepaswa kukigusa kifaa kwanza: kikishamdhuru mgonjwa, au kikishukiwa kumdhuru. Mhamishie mgonjwa kwenye kifaa kingine, kisha kiweke chenye shaka mahali pa kufungwa pamoja na nyaya zake, mipira yake na hata dawa iliyokuwa ikiingia. Usibadilishe mipangilio. Usijaribu kuona kama bado kinaleta hitilafu ile. Usikisafishe, kifungie na kukiandika kwamba hakijasafishwa. Piga picha ya skrini na ya viungo vyote, andika saa, majina ya waliokuwepo na kilichoonekana, kisha taarifu uongozi na mamlaka inayosimamia vifaa tiba. Kiwanda kikituma mtu haraka kuja kukichukua, kisiondoke mpaka uchunguzi uwe umeandikwa na nakala ya kumbukumbu zilizomo ndani imebaki kwenu.